Yadi ya kokoto Buhongwa: wanauza kwa kyubiki (mita ya ujazo), ila simu pokeeni jamani

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya simu na vumbi, nitafika huko. Ila hizi nne nimezitoa kwa roho safi kabisa, maana hii ndo yadi ya kwanza hapa Mwanza ambayo nimeuliza "kokoto kiasi gani zitatosha uwanja wangu" nikajibiwa kwa maswali badala ya kutajiwa tripu.

Mnajua wenyewe ilivyo huku kwetu. Ukienda pale malori yanapopaki ukasema unataka kokoto za kumwaga parking na njia ya kuingilia ndani, dereva anakuangalia usoni, anaangalia na usafiri uliokuja nao, halafu anasema "hapo mama tripu mbili zinatosha". Hajafika kwako, hajui uwanja una ukubwa gani, hajauliza kama gari litapita juu au ni watu tu, jibu tayari analo. Na hiyo tripu yenyewe ni ya nini sasa, maana kuna fuso imeongezwa mbao juu ya bodi na kuna fuso ya bodi ya kawaida na zote utaambiwa tani saba, kuna kanta, kuna hizi toyo za miguu mitatu, na kila moja ni tripu. Sina ugomvi na madereva, wanatafuta riziki na mafuta ndo hivyo yanavyopanda, lakini mtu anayeuza kwa tripu faida yake ni wewe uongeze tripu nyingine, sasa unategemea akwambie moja inatosha?

Hii yadi ukiwapigia (wakipokea) wanamtuma kijana na tepu, uzi na vigingi vya mbao, anakuja kupima bure kama uko ndani ya mji, na ukinunua sehemu nyingine baadaye hawakudai kitu. Mimi niko Kiseke. Nilitaka vitu vitatu, parking ya magari mawili, njia ya kutoka getini mpaka barazani, na duara la kuzunguka jabali ambalo liko hapo uani toka enzi za Mungu kuumba dunia, maana Mwanza ukinunua kiwanja unanunua na mawe yake.

Kijana kafika, kabla hata ya kufungua tepu akaanza. Mama hapa gari itapita? Gari dogo au kuna siku fuso itaingia? Mvua ikinyesha maji yanatokea wapi yanaelekea wapi? Udongo huu ukilowa unateleza au unakaa? Kingo utaweka za tofali, za mawe, au utaacha wazi? Mimi nikajua ni maneno ya kuongeza gharama, kumbe kila swali lilikuwa linabadilisha namba. Kingo zikikosekana kokoto zinatoka taratibu zinaingia kwenye majani na kwenye mfereji na kila mwaka unajaziliza. Udongo ukiwa laini tabaka la kwanza la kokoto linazama kwenye tope na hulioni tena, umelipia kitu ambacho kiko chini ya ardhi. Gari likipita unahitaji tabaka la chini la kushindiliwa, kokoto zinakaa juu yake tu kama... basi niseme kokoto zinakuwa za juu, mzigo wa gari unabebwa na moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia.

Sasa hesabu yenyewe, naiandika yote maana najua wengi mmefungua hapa kwa ajili hiyo.

Parking ni mita 9 kwa 6, hiyo ni skwea mita 54. Njia ni mita 22 kwa upana wa mita 1.2, inakuja 26.4. Duara la jabali ndo lilinifurahisha. Duara lote kutoka katikati mpaka pembeni ni mita 2.5, ukizidisha 2.5 kwa 2.5 halafu kwa 3.14 unapata 19.6, lakini katikati limekaa jabali na huwezi kumwaga kokoto ndani ya jiwe, na jabali halina pembe wala halina katikati ya kushika tepu. Kijana akazungusha tepu kwenye kiuno cha jiwe pale linapogusana na ardhi, akapata mita 7.5, akaizidisha yenyewe kwa yenyewe ikawa 56.25, akagawanya kwa 12.6, jibu kama 4.5. Hiyo ndo sehemu ambayo jiwe limekalia. Akasema kwa jiwe ambalo sio duara kabisa hesabu hii inazidisha ukubwa wa jiwe kidogo, ila kwa kazi ya kokoto inatosha. Kwa hiyo 19.6 toa 4.5 unabaki na 15.1. Kwa watu wa Igogo, Mabatini, Bugando huko juu, ambao mawe yako matano ndani ya uwanja mmoja, hili ni la kushika, maana ukipima urefu kwa upana tu unanunua kokoto za kufunika mawe.

Jumla 54 na 26.4 na 15.1 ni skwea mita 95.5. Unene wa juu tukakubaliana sentimita 5, kwa hiyo 95.5 mara 0.05, kyubiki 4.78. Akaongeza asilimia 10 kwa ajili ya zile zinazozama, zinazomwagika, na za kujazia baada ya masika, ikawa kyubiki 5.25 hivi. Chini ya parking peke yake kuna moramu ya sentimita 10 ikishashindiliwa, hiyo ni 54 mara 0.10, kyubiki 5.4, ila moramu ukiishindilia inashuka kwa hiyo unanunua zaidi, aliweka asilimia 20 tukaagiza kyubiki 6.5. Njia na duara havikupewa moramu, ni miguu ya watu tu na udongo wa pale umekaza.

Rudini kwenye ile tripu mbili ya dereva. Fuso ya bodi ya kawaida ni kyubiki 4.5 hivi, mbili ni 9. Nahitaji 5.25. Kyubiki 3.75 ningezilipia na kuzirundika nyuma ya nyumba watoto wachezee na nyoka watagie. Au fundi angezitandaza zote ili zisionekane zimebaki, hiyo ndo huwa wanafanya, unakuta uwanja una kokoto sentimita 9, tairi linazama, mgeni aliyevaa kiatu cha kisigino anatembea ameshika ukuta.

Kitu ambacho kijana alinionyesha na sasa namwambia kila mtu anayejenga: kwenye skwea mita 100, kila sentimita moja ya unene ni kyubiki moja. Ndo hivyo tu. Mia moja mara 0.01. Uwanja wangu ni 95.5 ambao ni karibu mia, kwa hiyo nikisema "ongeza unene kidogo, weka saba" nimeagiza kyubiki mbili za ziada, karibu tani tatu, kwa neno moja la mdomo. Watu wanabishana na muuzaji juu ya bei ya kyubiki kushuka elfu mbili elfu tatu wakati unene wameuacha fundi auamue kwa kukadiria na buti. Hapo ndo pesa inapotokea. Urefu na upana hata ukikosea kwa nusu mita kwenye uwanja wa hivi haikuui, unene ukikosea sentimita mbili imekuuma.

Na unene nao una chini yake, usije ukasema basi nipunguze mpaka mbili. Kokoto za robo tatu ya inchi ni kama milimita 19, unatakiwa angalau unene uwe mara mbili ya jiwe lenyewe, kwa hiyo sentimita 4 ndo mwisho, chini ya hapo unaona udongo katikati ya mawe na majani yanachipua vizuri tu. Ukitaka kupunguza kabisa nunua kokoto ndogo, za nusu inchi, hizo zinakubali kutandazwa nyembamba kwenye njia ya miguu, ila kwenye parking zinarushwa na tairi.

Kuhusu hivi vikokotoo vya kwenye simu, kabla sijaja huku nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye kimoja, na shemeji yangu aliyeko Usagara alipiga kwenye kingine, tukapata majibu mawili ambayo hayafanani hata kwa undugu. Sio vibaya jamani, ni vya bure na hesabu ndani yake iko sawa, shida vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Urefu vinataka futi, unene vinataka inchi, jibu vinatoa kwa yadi za ujazo na tani zao. Yadi moja ya ujazo ni kama kyubiki mita 0.76. Uwanja wangu wa kyubiki 4.78 unatoka kama 6.25 hivi, na mtu akisoma 6.25 akaenda kuagiza kyubiki mita 6.25 ameshazidisha karibu theluthi moja, na hiyo ni kabla ya kuongeza asilimia 10. Tani yao nayo ni kilo 907, sio 1,000. Na kisanduku cha unene ndo mtego wenyewe, ukiandika 5 ukidhani ni sentimita wakati kimekaa kwenye inchi umeagiza sentimita 12.7, zaidi ya mara mbili na nusu. Kama unatumia simu, badilisha vipimo vyote viwe mita kwanza, au achana nacho chukua kalkuleta ya kawaida maana ni kuzidisha mara mbili tu, urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita.

Halafu hakuna kikokotoo kinachojua una jabali. Wala hakijui kiwanja kimelala mteremko. Kwenye mteremko pima kwa kufuata ardhi yenyewe, tepu ilale chini, usipime hewani, na kama mteremko ni mkali kweli kokoto zitashuka zote zikusanyike getini mvua ya kwanza tu, hapo unatakiwa uweke ngazi ngazi za mawe za kuzishika. Kijana alikataa kabisa kuniuzia kokoto za kumwaga kwenye kipande kimoja cha nyuma ambacho kinashuka, akasema mama hapo panda nyasi tu, utaniona mwizi baadaye. Muuzaji anayekataa hela yako, sijui kama mmewahi kukutana naye.

Uzito: wao wanaandika kyubiki na tani zote kwenye karatasi. Kokoto zilizopondwa zikiwa hazijashindiliwa wanahesabu tani moja na nusu kwa kyubiki moja, hesabu ambayo mafundi wengi wanaitumia, inacheza kidogo kutegemea jiwe, ukubwa na unyevu. Kyubiki 5.25 zangu ni kama tani 7.9. Kazi ya tani ni kujua gari gani libebe, basi. Kulipia lipia kwa kyubiki, maana kwenye tani ukiletewa mzigo uliolowa mvua umenunua na maji.

Sasa tuje kwenye kushusha, hapa ndo nimeipendea hii yadi. Gari lilipofika getini halikumwaga. Dereva alizima, kijana akapanda, akasawazisha mzigo kwa koleo mpaka ukawa sawa na bodi, akanishushia tepu nishike upande mmoja. Urefu wa ndani mita 3.6, upana 2.1, kimo cha mzigo 0.6. Zidisha, kyubiki 4.54. Kwenye karatasi imeandikwa 4.5. Nikasema mwanangu leta risiti nisaini. Sehemu nyingine ukisema upime bodi dereva anakasirika anasema mama hatuaminiani, na mzigo umejaa mlima katikati huku pembeni na kwenye kona pako tupu, ukiusawazisha unashuka chini ya bodi, sasa hapo nani hamuamini mwenzake.

Jueni pia mzigo unashuka njiani. Kutoka Buhongwa mpaka Kiseke na matuta yote yale na mashimo, kokoto zinajipanga kama unga kwenye debe ukilitikisa, ulioondoka umejaa mpaka juu unafika umepungua vidole vitatu vinne. Sio lazima mtu kaiba. Hii yadi wanapima mlangoni kwa mteja, kwa hiyo huko kushuka ni kwao, wanapakia zaidi kidogo kufidia. Muulizeni muuzaji wenu kipimo ni cha kwenye yadi au cha mlangoni, kabla hamjakubaliana bei.

Na kama mmeshamwagiwa bila kupima kuna namna. Zungusha tepu chini ya lundo, pima na kimo cha katikati kwa kusimamisha fimbo pembeni na kupitisha uzi juu. Ule mzunguko uzidishe wenyewe kwa wenyewe, zidisha na kimo, gawanya kwa 37.7. Nilijaribu kwa lile la fuso kabla vijana hawajaanza kutandaza, mzunguko mita 11.5, kimo 1.25, inakuja kama 4.4. Bodi ilisema 4.5. Lundo halikai koni ya kitabuni maana tipa linasogea mbele likimwaga, kwa hiyo usiende polisi kwa tofauti ya robo kyubiki, ila mtu akikuuzia 4.5 na lundo likasema 3, una la kuongea.

Kyubiki 0.75 iliyobaki ilikuja na kanta, na moramu ya mwisho nayo ilikuja na kanta vilevile siku yake. Nauli ya kanta ukilinganisha na mzigo wake inauma, hilo niseme. Walinipa chaguo la kupunguza njia iwe sentimita 4 na kuacha ile akiba ya asilimia 10 ili fuso moja karibu itoshe, nikakataa. Mwingine angekubali na isingekuwa vibaya.

Aina za kokoto. Wana za krasha, yaani za mashine ya kuponda mawe, ambazo zimechujwa, robo tatu zote ni robo tatu, na wana za kugongwa kwa nyundo zile wanazogonga akina mama na vijana pembeni ya milima. Za mkono ni za bei nafuu na unasaidia familia ya mtu, lakini saizi zimechanganyika, kuna jiwe la ngumi na kuna vumbi humohumo, kwa njia nzuri ya mbele ya nyumba nashauri za krasha, kwa nyuma kwenye karo na tenki la maji za mkono zinafaa kabisa. Ukinunua za mkono huwa wanauza kwa ndoo, basi hesabu ni nyepesi, ndoo ya lita 20 zikiwa hamsini ni kyubiki moja, na ndoo moja kwa unene wa sentimita 5 inafunika skwea mita 0.4. Ndoo ijazwe mpaka mdomoni na uangalie isiwe imebonyezwa chini. Ndoo moja ni kama kilo 30, kwa hiyo mpe mbebaji anachostahili.

Kuna jirani alinishauri kwa nini nisichukue vile vijiwe vya duara vya ziwani, vinapendeza na ni vya bure. Kwanza vya duara vinatembea, ukikanyaga vinateleza, gari likikata kona vinaruka, jiwe lililopondwa lina kona linashikana na mwenzake, ndo maana barabara zinajengwa kwa lililopondwa. Pili Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, humo hakuna shughuli ya kudumu wala ya kuharibu ufukwe, sasa wewe na toroli lako unaenda kuchota ufukwe wa watu wote. Hapana.

Wana pia za mapambo, nyeupe na nyeusi, kwenye mifuko. Hizi nenda na hesabu kichwani kabla hujazipenda. Mfuko wa kilo 50 kwa unene wa sentimita 5 unafunika kama theluthi mbili ya skwea mita, haufiki hata moja. Lile duara langu la 15.1 tu ningehitaji mifuko 22 na zaidi. Nilichofanya nikaweka nyeupe ukanda mwembamba tu uliogusa jabali, unene sentimita 3, kwa unene huo mfuko unafunika skwea mita 1.1 hivi, na kokoto za kawaida zikaendelea nje. Usiku taa ikiwaka jiwe lenyewe linaonekana kama limeinuliwa, majirani wanakuja kupiga picha.

Sasa malalamiko.

Simu. Jamani pokeeni simu. Namba mbili zimeandikwa kwenye bango, moja haipatikani kabisa na nyingine inaita mpaka inakata, ukituma meseji unajibiwa usiku saa nne na "nambie". Nambie nini, nataka kokoto. Mwishowe nilienda mwenyewe na daladala mpaka Buhongwa, na nikishafika huduma ilikuwa nzuri, lakini mtu wa Magu au Sengerema atafanyaje.

Vumbi. Kokoto za krasha hazikuoshwa, na vumbi lake jeupe lilipanda mpaka kwenye mapazia. Waliniambia mvua italiosha, ni kweli liliosha, likashuka chini likaenda kuganda juu ya kile kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji, tulichotandika chini ya kokoto, na siku mbili tatu parking ilikuwa na madimbwi mpaka kijana akaja kuparua upande mmoja. Wangekuwa na sehemu ya kumwagia maji kabla ya kupakia ningelipia. Ukienda kwao uliza zilizochujwa vumbi, wanazo ila hawazisemi mpaka uulize. Na hicho kitambaa msikubali mtu awabadilishie na nailoni ya turubai, nailoni haipitishi maji kabisa, kokoto zinaogelea. Kwenye kuunganisha kipande na kipande pandisheni sentimita 30, kwa hiyo kitambaa nacho nunua zaidi ya skwea mita za uwanja.

Na geti. Hakuna aliyeniuliza upana wa geti langu, na fuso haikuingia. Kijana aliuliza maswali yote ya dunia, hili likampita. Mzigo ukamwagwa barabarani nje, balozi wetu akaja kuuliza njia ya watu inafungwa mpaka lini, vijana wa toroli wakapandisha bei hapohapo maana waliona nimebanwa. Yadi ilikubali kulipa nusu ya hela ya toroli baada ya mimi kupiga kelele kidogo, sio nyingi. Pimeni geti, na angalieni juu pia, tipa likinyanyua bodi linafika kwenye nyaya za umeme za mitaa yetu hii.

Kilichobaki baada ya kutandaza kila kitu ni kama toroli tano sita, nimeziweka kwenye viroba nyuma ya jiko kwa ajili ya kujazia. Kwa hiyo ile asilimia 10 haikuwa ya kunipiga. Masika imepita, pale matairi yanapokanyagia pameshuka kidogo nimejazia kiroba kimoja, njia haijaguswa.

Bei siandiki maana inabadilika na mafuta na umbali, nilichoandikiwa mimi kinaweza kuwa tofauti na chako. Wanapokea lipa namba, risiti ya EFD wanatoa bila kuombwa, mashine ya kushindilia moramu wanakodisha kwa siku ila mafuta unaweka mwenyewe na uirudishe ikiwa safi, wanakagua. Ukienda asubuhi mapema unakuta kijana wa kupima bado yupo yadi hajasambaa mjini, akikwambia atakuja "baadaye" mwambie akupe saa. Jumapili wanafunga.